Kutuliza, Kutibu na Kupima: Dawa za Kutuliza na Kiwango cha Kortisoli kwa Wagonjwa wa Sonona katika Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna dawa za kutuliza zinavyoathiri kiwango cha kortisoli, homoni ya msongo, kwa watu wenye sonona, na jinsi uteuzi wa istilahi za Kiswahili unavyoweza kupotosha ufafanuzi huo. Hoja kuu ni kwamba kushuka kwa kortisoli baada ya kumeza dawa hizi ni jambo la kweli, lakini si ushahidi kwamba sonona imetibiwa. Pale ambapo neno moja, hasa mfadhaiko au msongo wa mawazo, linabebeshwa dhana mbili, tofauti hiyo hupotea katika fomu za ridhaa, karatasi za maelezo ya dawa na nyaraka za sera. Mifano ya lugha inatokana na matumizi ya kawaida nchini Tanzania na Kenya pamoja na nchi jirani. Maelezo ya kitabibu yanatokana na tafiti zilizokwisha kuchapishwa.

Utangulizi

Tuitazame sentensi ifuatayo, ambayo tumeitunga kwa ajili ya mjadala: Dawa hii hupunguza homoni ya mfadhaiko kwa wagonjwa wa mfadhaiko. Kisarufi haina kasoro. Mfasiri aliyeiandika alikuwa na dhana mbili akilini: mfadhaiko wa kwanza ni ile hali ya mwili na akili kubanwa na mahitaji ya maisha, wa pili ni ugonjwa wenye vigezo vyake, unaodumu wiki mbili au zaidi, unaomnyang'anya mtu hamu ya mambo aliyoyapenda, usingizi, nguvu, na mara nyingine nia ya kuendelea kuishi. Msomaji, hata hivyo, hakuwamo akilini mwa mfasiri. Yeye anaona neno lilelile mara mbili, na kwa haki kabisa anahitimisha kwamba dawa inayopunguza homoni ya ugonjwa inauondoa ugonjwa.

Hitimisho hilo si sahihi, na madhara yake hayaishii kwenye kamusi. Mtu mwenye sonona anayepewa vidonge vya kutuliza, akapata usingizi kwa juma moja na kuamini kuwa anatibiwa, anaweza kuchelewa miezi kabla ya kupata tiba yenyewe. Vilevile anaweza kujikuta hawezi kuviacha vidonge hivyo. Kwa hiyo inafaa kueleza kwanza kile kinachotokea mwilini, kisha kurudi kwenye maneno.

Kortisoli na mfuatano unaoizalisha

Dhana ya msongo katika maana ya kitabibu inahusishwa zaidi na Hans Selye, ambaye mwaka 1936 alichapisha katika jarida la Nature barua fupi kuhusu namna mwili wa panya unavyojibu madhara ya aina mbalimbali kwa mwitiko unaofanana. Leo tunaujua mfuatano wa homoni unaohusika kwa undani zaidi. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi hutoa homoni chochezi, ile ambayo Wylie Vale na wenzake waliibainisha mwaka 1981. Homoni hiyo huiamuru tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, kutoa homoni ya pili katika damu. Homoni ya pili nayo huziamuru tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo, kutoa kortisoli. Kortisoli ikishaongezeka hurudi ubongoni na kuzuia hatua mbili za mwanzo, na hivyo mfuatano mzima hujidhibiti wenyewe.

Jambo moja husahaulika mara kwa mara katika maandishi ya Kiswahili kuhusu homoni hii: kortisoli si sumu wala si alama ya maradhi. Kila mtu mwenye afya huwa nayo. Hupanda alfajiri, hufikia kilele takribani nusu saa hadi dakika arobaini na tano baada ya mtu kuamka, kisha hushuka mchana kutwa hadi kufikia kiwango cha chini kabisa karibu na usiku wa manane. Bila kortisoli mtu hufa. Kuiita homoni mbaya, kama inavyofanywa katika baadhi ya vipindi vya redio, ni kuilaumu kengele kwa moto.

Kwa baadhi ya watu wenye sonona, udhibiti huo wa ndani hulegea. Bernard Carroll na wenzake walipendekeza mwaka 1981 kipimo kilichosanifishwa cha kuuona ulegevu huo. Mgonjwa hupewa miligramu 1 ya deksamethasoni saa tano usiku, na kortisoli yake hupimwa siku inayofuata. Kwa kuwa deksamethasoni huuhadaa ubongo uamini kuwa kortisoli imekwisha kuwa nyingi, mtu mwenye udhibiti imara huonesha kiwango cha chini. Asiyeonesha hivyo, yaani anayevuka mikrogramu 5 kwa desilita, huhesabiwa kuwa udhibiti wake umelegea. Matumaini yalikuwa makubwa kwamba hatimaye sonona imepata kipimo cha damu. Hayakutimia. Wagonjwa wengi wa sonona walikuwa na majibu ya kawaida, na baadhi ya watu wasio na sonona, wakiwamo waliokonda sana na wenye maradhi mengine, walikuwa na majibu yasiyo ya kawaida. Ulegevu huo huonekana zaidi katika sonona nzito, hasa ile inayoambatana na njozi au imani za uongo. Katika aina nyingine kortisoli huweza kuwa ya kawaida au hata chini ya kawaida.

Ndiyo kusema, hata kabla hatujaigusa dawa yoyote, uhusiano kati ya kortisoli na sonona si wa moja kwa moja.

Kile ambacho dawa za kutuliza hufanya

Kundi la dawa linalotuhusu zaidi ni benzodiazepini. Ya kwanza ilitoka katika maabara ya kampuni ya Hoffmann-La Roche kwa kazi ya mkemia Leo Sternbach na kuingia sokoni mwaka 1960. Diazepamu, iliyojulikana kote kwa jina la Valium, ilifuata mwaka 1963. Dawa hizi huiongezea nguvu gaba, kemikali ambayo kazi yake kuu katika ubongo ni kuzipunguzia seli za neva msisimko. Na seli za haipothalamasi zinazoanzisha mfuatano tulioueleza zimezungukwa na neva nyingi za gaba. Breki ikikanyagwa hapo, homoni chochezi hupungua, ya pili hupungua, na kortisoli hushuka. Tafiti za alprazolamu zimeonesha jambo hili kwa binadamu: hata pale watafiti walipouchochea mfuatano huo kwa makusudi, dawa ilipunguza mwitiko wake.

Kwa hiyo anayesema kuwa dawa za kutuliza hupunguza homoni ya msongo hasemi uongo. Anasema nusu ya habari.

Nusu ya pili ina sehemu kadhaa. Kwanza ni muda. Kushuka kunakoonekana baada ya dozi za mwanzo mara nyingi hufifia dawa ikiendelea kutumika, kwa sababu ubongo huizoea. Mtu anapoacha ghafla baada ya kuzoea, breki huondolewa wakati injini imekwisha kujirekebisha ili kuishinda: wasiwasi hurudi kwa kishindo, usingizi hupotea, kortisoli hupanda, na kwa baadhi ya watu hutokea degedege. Mgonjwa anayepitia hali hiyo huamini kwamba ugonjwa umerudi na kwamba dawa ilikuwa ikimtibu. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza maonyo mazito zaidi kuhusu utegemezi na hatari ya kuacha ghafla yaandikwe katika maelezo ya kundi hili lote.

Pili, na hapa ndipo hoja yetu inapoegemea, kushuka kwa kortisoli na kupona sonona vinaweza kutengana. Mfano ulio wazi zaidi haumo katika benzodiazepini bali katika mirtazapini, dawa ya sonona inayoleta usingizi mzito. Cornelius Schüle na wenzake, wakifanya kazi Munich, walionesha mwaka 2003 kwamba mirtazapini ililegeza mfuatano wa kortisoli kwa wagonjwa wa sonona ndani ya juma la kwanza tu. Lakini kortisoli ilishuka kwa waliopata nafuu na kwa wasiopata nafuu vilevile. Kwa upande mwingine iko sitalopramu, dawa ya sonona isiyo ya kutuliza: dozi yake ya mara moja, hasa ikipitishwa kwenye mshipa, huipandisha kortisoli kwa muda. Tukiziweka pamoja, tunapata dawa inayoshusha homoni bila kuhakikisha nafuu, na dawa inayotibu ilhali mwanzoni inaipandisha. Anayetumia kiwango cha homoni kama rula ya kupimia tiba atazipanga dawa hizi mbili kinyumenyume.

Watafiti wamejaribu pia kuishika njia hiyo ya homoni moja kwa moja, kwa dawa zinazozuia homoni chochezi isifanye kazi. Mantiki ilikuwa nzuri, na jaribio dogo la mwanzo lilitia moyo. Majaribio yaliyofuata, yenye ulinganisho na vidonge visivyo na dawa, hayakuleta tiba ya sonona iliyotarajiwa.

Haifai, hata hivyo, kuhitimisha kwamba kutuliza hakuna faida yoyote. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2019 yalionesha kwamba kuongeza benzodiazepini juu ya dawa ya sonona kunaweza kupunguza dalili katika majuma manne ya mwanzo, na kwamba baada ya hapo tofauti haionekani. Huo ni msaada wa muda, na kwa mgonjwa asiyelala usiku wa tano mfululizo si msaada wa kudharauliwa. Aidha, mwaka 2019 Marekani iliidhinisha breksanoloni kwa sonona ya baada ya kujifungua, na mwaka 2023 zuranoloni. Zote mbili hufanya kazi kupitia gaba na zote mbili huleta usingizi. Breksanoloni ilipitishwa kwenye mshipa kwa saa 60 chini ya uangalizi, kwa kuwa mgonjwa angeweza kupoteza fahamu. Mpaka kati ya dawa ya kutuliza na dawa ya kutibu, basi, si ukuta. Lakini zilikubaliwa kwa sababu dalili za sonona zilipungua katika majaribio. Kipimo cha kortisoli hakikuwa msingi wa kuzikubali.

Liko suala la tatu, dogo kwa daktari lakini kubwa kwa mtafiti. Dawa za kutuliza huvuruga kipimo chenyewe. Benzodiazepini kwa dozi kubwa huishusha kortisoli na kumfanya mgonjwa mwenye udhibiti uliolegea aonekane mzima. Fenobabitoni, dawa ya kutuliza ya kizazi cha zamani ambayo bado hutumika sana Afrika Mashariki kutibu kifafa, hufanya kinyume: huliamsha ini kuivunja deksamethasoni haraka, na mtu mwenye udhibiti imara huonekana mgonjwa. Hivyo dawa mbili ambazo Kiswahili huzitia katika kapu moja hupotosha jibu kuelekea pande mbili tofauti. Utafiti wowote wa kortisoli katika ukanda wetu usiouliza kwa jina ni dawa ipi mshiriki anaitumia una tatizo kabla haujaanza. (Wanaopendekeza nywele badala ya damu au mate, kwa kuwa sentimita moja ya nywele huhifadhi kumbukumbu ya takribani mwezi mmoja, wakumbuke pia kwamba wanaume wengi na wasichana wengi wa shule katika nchi zetu hunyoa.)

Maneno yanayobeba mzigo huu

Katika Tanzania, sonona imeshika nafasi ya jina la ugonjwa katika maandishi ya kitaalamu. Ni uteuzi mzuri. Kitenzi sononeka kinajulikana kwa maana ya kuumia ndani kwa ndani, na nomino yake haikuwa na kazi nyingine nzito ya kuigombania. Nchini Kenya hali ni tofauti: vyombo vya habari hutumia msongo wa mawazo kwa ugonjwa na kwa shinikizo la kawaida la maisha, na pengine mfadhaiko kwa vyote viwili. Unyogovu nao umeenea, hasa katika tafsiri za mtandaoni, ingawa msemaji wa kawaida huuhusisha na kunyong'onyea kwa mwili zaidi kuliko ugonjwa wa akili.

Kwa dhana ya Selye, msongo unafaa kuliko mfadhaiko. Mzizi wake ni songa, kubana na kukandamiza, na mafundi umeme wa Tanzania wamekwisha kulizoea neno hili katika umeme wa msongo mkubwa. Picha hiyo ya kubanwa na kukandamizwa inaifaa dhana hiyo. Mfadhaiko, unaotokana na fadhaa, unasema zaidi kuhusu kushtuka na kutaharuki. Una mahali pake, lakini si hapa. Kinachohitajika ni kuliachia neno msongo dhana moja tu, na kuacha kuliita sonona kwa heshima ya kificho. Inaeleweka kwa nini watu hufanya hivyo: kusema nina msongo wa mawazo hakumtii mtu aibu kama kusema nina ugonjwa wa akili. Tafsida hiyo ni ya kibinadamu katika mazungumzo. Katika fomu ya utafiti ni hatari.

Kuhusu dawa zenyewe, dawa ya usingizi ina maana mbili zinazokaribiana mno. Duka la dawa hulitumia kwa vidonge vya kulalia. Hospitali hulitumia kwa dawa anayopewa mgonjwa kabla ya upasuaji, na mtaalamu wake huitwa mtaalamu wa usingizi. Mgonjwa anayeulizwa kama anatumia dawa ya usingizi anaweza kujibu hapana bila kusema uongo, ingawa humeza diazepamu kila jioni, kwa sababu aliandikiwa kwa ajili ya misuli ya mgongo au kwa ajili ya wasiwasi. Na mabaki ya diazepamu hukaa mwilini kwa siku kadhaa, kwa hiyo kuuliza kuhusu leo pekee hakutoshi. Jijini Nairobi hali huwa ngumu zaidi, kwani dawa za aina hii zimepata jina la mtaani la mchele kutokana na wezi wanaowatilia watu katika vinywaji. Nani atakiri mbele ya mtafiti kwamba ana mchele nyumbani?

Dawa ya kutuliza ni bora, kwa kuwa kitenzi tulia hakidai kupona. Bahari hutulia na upepo ukabaki baharini; mtoto hutulia na homa ikabaki. Mzungumzaji wa Kiswahili anaijua tofauti hiyo bila kufundishwa, mradi mfasiri asiifute kwa kuandika tiba mahali ambapo matini asilia haikusema tiba. Tatizo lililobaki ni kwamba dawa za kutuliza maumivu nazo zimo katika kundi hilo, na ndiyo sababu inashauriwa kulitaja jambo linalotulizwa: dawa za kutuliza wasiwasi, dawa za kuleta usingizi.

Nchi jirani zina funzo la kutoa. Nchini Rwanda, huduma za afya hutumia agahinda gakabije, yaani huzuni iliyopita kiasi, na mtu wa kawaida hulielewa. Kusini mwa Uganda, Paul Bolton na wenzake, kabla ya kujaribu tiba ya mazungumzo katika vikundi huko Masaka na Rakai, waliwauliza wanakijiji wenyewe majina ya hali hizo. Walipata mawili ya Kiganda, y'okwekyawa, kujichukia, na okwekubaziga, kujihurumia. Walipima maendeleo kwa majina hayo pamoja na vigezo vya kimataifa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionesha nafuu kubwa kwa waliohudhuria vikundi, bila kidonge hata kimoja na bila kupima homoni. Katika orodha ya dalili za Kiswahili, kujichukia na kujiona bure kunastahili kuandikwa waziwazi, kwani ndiko kunakoitofautisha sonona na msongo.

Fomu ya ridhaa na karatasi ya dawa

Bodi za maadili ya utafiti hudai fomu ya ridhaa iandikwe kwa lugha anayoielewa mshiriki. Fomu inayosema tutapima homoni ya mfadhaiko katika mate yako humwahidi mshiriki, bila mtafiti kukusudia, kwamba ataambiwa kama ana ugonjwa. Fomu inayoeleweka ingesema: Tutapima kortisoli, homoni ambayo kila mtu anayo na ambayo hupanda na kushuka kutwa. Kipimo hiki hakiwezi kuonesha kama una sonona au huna. Sentensi hizi ni ndefu kidogo, na gharama yake ni mistari miwili ya karatasi. Swali la dawa nalo liandikwe kwa majina: Katika majuma mawili yaliyopita umemeza diazepamu, fenobabitoni au kidonge chochote cha kukusaidia kulala au kupunguza wasiwasi, kwa sababu yoyote ile?

Kwa washauri wa sera, orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani imekwisha kuchora mstari: fluoksetini na amitriptilini zimewekwa chini ya sonona, diazepamu haimo hapo. Mwongozo wa shirika hilohilo hauruhusu kuwapa benzodiazepini watu wazima waliofiwa ambao hawana ugonjwa wa akili. Mistari hiyo ikitafsiriwa kwa neno moja linalofunika majonzi, msongo na sonona, mhudumu wa zahanati hataiona. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya lugha ya nchi wanachama yanaweza kukubaliana kuhusu maneno manne tu, yaani sonona, msongo, kortisoli na dawa za kutuliza wasiwasi, kila moja likiwa na fasili yake, kisha kuyapeleka kwa mamlaka za dawa kabla ya kuyapeleka kwa wachapishaji wa kamusi. Burundi na Kongo Mashariki, ambako pakiti nyingi huandikwa Kifaransa, zishirikishwe tangu mwanzo. Huko Kiswahili cha dawa bado kinatungwa mdomoni mwa muuzaji, na neno atakalolizoea mteja leo halitang'oka kwa waraka wa kesho.